Kumi Bora ya Wapagazi wa Vitamini: Nani Bingwa wa Kuvusha Mzigo Hadi Ndani ya Bakteria?

Mjini hapa kila kitu kina kumi bora yake: wafungaji, waimbaji, wachekeshaji. Mama lishe wa Mtaa wa Kongo tu ndio hawapangwi. Ukithubutu kuwapanga utakosa pa kula. Waliosahaulika siku zote ni bakteria, na hasa wapagazi wao: zile protini zinazoshika vitamini nje ya seli na kuivusha hadi ndani. Leo zamu yao imefika.

Kwanza ramani. Simama katikati ya viwanja vya Mnazi Mmoja, karibu na mnara wa Mwenge wa Uhuru. Upande mmoja, ng'ambo ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni Uhindini. Upande wa pili, ng'ambo ya Mtaa wa Lumumba, ni Kariakoo. Uwazi huu haukubaki kwa bahati. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kanda ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na hapa wakatenga ukanda mtupu ili Uhindini na Kariakoo zisigusane. Bakteria Escherichia coli, mpangaji wa kudumu wa utumbo wako, kajengwa hivyohivyo. Ana utando wa nje, ndiyo Bibi Titi. Ana utando wa ndani, ndiyo Lumumba. Katikati ana kiwanja chake. Vitamini imeshushwa Uhindini, mlaji yuko Kariakoo, na hakuna bodaboda.

Wapo pia bakteria wenye utando mmoja tu, wakiwemo wagandishaji wa maziwa. Hao Bibi Titi hawaijui. Wao wanaanzia Lumumba.

Alama zimetolewa kwa vigezo viwili. Cha kwanza ni ujanja wa kazi. Cha pili ni hatari: mlango huo unaweza kumponza mwenye nyumba kiasi gani? Kigezo cha pili ndicho kitakachoamua bingwa, kwa hiyo ushabiki wa mapema tuuweke pembeni.

10. Porini, mlinzi anayepima ukubwa tu

Porini (siyo kule kwa simba) ni protini yenye tundu la maji katikati, imechomekwa kwenye utando wa nje. Haishiki mzigo, haidai nguvu, haijui jina la mtu. Inaangalia ukubwa: molekuli isiyozidi daltoni 600 hivi inapita. Vitamini B1 ina daltoni 265. Inapita ikipiga mluzi. B2 ina 376, nayo inapita. Vitamini B12 ina 1,355, basi inabaki Bibi Titi ikihesabu magari.

Hatari ipo. Ampisilini hupitia tundu hilihili. Baadhi ya bakteria sugu huamua kupunguza porini kwenye utando wao: heri kulala na njaa kuliko kulala moja kwa moja.

*Kijembe: Mlinzi anayepima kiuno na hasomi kitambulisho. Tunamshukuru kwa kushiriki.*

9. Streptavidini, anayeshika asiachie

Huyu yumo kwa heshima tu, maana havushi kitu. Anatengenezwa na bakteria wa udongoni, Streptomyces avidinii, na anaishika biotini, yaani vitamini B7, kwa mojawapo ya mishiko mikali kuliko yote inayojulikana katika viumbe hai. Majirani wanaoitaka biotini hiyo wanabaki kumeza mate. Ute mweupe wa yai bichi nao una protini ya tabia hiyohiyo, avidini. Ndugu zangu wa mazoezi mnaogugumia mayai mabichi kila alfajiri kwa miezi, mmesikia.

Maabara zikaupenda mshiko huo. Vipimo vingi vya damu, vya tezi ya thairoidi, vya homoni na vya moyo, hutumia streptavidini na biotini ili kunasa kinachopimwa. Sasa pita maduka ya vipodozi Kariakoo utazame makopo ya vidonge vya nywele na kucha. Vidonge vya biotini vya mikrogramu 5,000 au 10,000 ni vya kawaida sokoni, wakati mtu mzima anatosheka na takriban 30 kwa siku. Ziada inaelea kwenye damu, inaijaza streptavidini ya kipimo, na majibu yanapinda. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo rasmi: hata troponini, kipimo cha mshtuko wa moyo, inaweza kusomeka chini kuliko ilivyo.

*Kijembe: Nywele zinang'aa, majibu yanasema moyo hauna neno. Neno lipo.*

8. ThiB na wenzake wawili, wabeba B1

Vitamini B1, au thiamini, ikishapenya porini inadakwa kiwanjani na protini iitwayo ThiB. ThiB inaifumbata, inaivusha hadi Lumumba, inaikabidhi kwa ThiP iliyokaa ndani ya utando. Pembeni ThiQ inachoma ATP, nguvu ya matumizi ya seli, ili lango lifunguke. Wapagazi watatu, mzigo mmoja, na hakuna aliyegoma.

E. coli angeweza kujitengenezea B1 mwenyewe, jeni anazo. Lakini kutengeneza ni gharama, na hakuna mwenye akili anayewasha jiko siku jirani ana shughuli.

Sisi jiko hilo hatuna kabisa. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akifanya kazi Batavia, Jakarta ya leo, aligundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ganda walipona. Nobel akaipata mwaka 1929. Somo lake liko kwenye magunia ya Kariakoo mpaka leo: dona inabaki na pumba na kiini, sembe imevuliwa vyote viwili, na kwenye hivyo viwili ndiko B1 nyingi ilikokuwa.

*Kijembe: Bakteria hakoboi. Ugali mweupe ni tatizo la wenye ubongo.*

7. RibU, mpenda rangi ya manjano

Acha maziwa mgando yatulie mpaka maji yajitenge. Ile rangi ya manjano yenye ukijani ni riboflavini, vitamini B2. Lactococcus lactis, mmoja wa wagandishaji, anayo RibU kwenye utando wake, na RibU inaishika B2 hata pale inapokuwa chembe za kuokoteza. Umbo lake tunalijua tangu 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walipochapisha picha ya RibU ya Staphylococcus aureus, yule wa majipu.

Pamoja na umahiri huo wote, RibU anadanganyika. Jamaa mmoja wa ukoo wa Streptomyces hutengeneza roseoflavini: nyekundu, imefanana na B2 kwa umbo, na ni sumu. RibU inaikaribisha ndani. Ikifika huko inaibonyeza swichi ya RNA inayosema "B2 imetosha", na bakteria anaacha kujitengenezea vitamini huku hana kitu.

Wataalamu wa maziwa wakaona fursa. Ukiwatia Lactococcus kwenye roseoflavini, baadhi ya wanaosalimika ni wale ambao swichi yao imeharibika. Hao wanazalisha B2 bila breki. Ukigandishia maziwa nao, yanapata vitamini zaidi bila wewe kuongeza chochote.

*Kijembe: Kapokea mgeni kwa kufanana sura. Bongo tungemuuliza angalau anatokea mtaa gani.*

6. Genge la ECF, injini moja vitamini kibao

RibU hafanyi kazi peke yake. Ni mmoja wa wanagenge: ThiT anashika B1, BioY biotini, FolT foleti, PanT vitamini B5. Kila mmoja ana vitamini yake na hagusi ya mwenzake. Lakini injini ya kuvushia, ile inayochoma ATP, ni moja, na wote wanaigombea.

Kazi yenyewe ni sarakasi. Mshikaji akishanasa vitamini upande wa nje, anaanguka ubavu ndani ya utando, mfuko wake unageukia ndani, mzigo unamwagika kwenye seli. Kisha injini inamsimamisha, au inampa nafasi mwingine.

Siri hii ilinusiwa zamani. Mwaka 1979 G. B. Henderson na wenzake nchini Marekani waliona kioja kwa Lactobacillus casei: foleti, B1 na biotini zilikuwa zikizuiana kuingia, ingawa kwa umbo hazifanani hata kidogo. Wakasema lazima kuna kitu wanachogawana. Ilichukua miaka 30, mpaka 2009, jeni zikasomwa na injini ikaonekana.

Na uroho wao una faida kwetu. Maabara za lishe hupima foleti ya damu kwa kuwatumia bakteria wa jamii hii: unawanyima foleti, unawatilia tone la sampuli, unaangalia wamekua kiasi gani.

*Kijembe: Injini moja, abiria wa kila aina, na bado hakuna aliyekwama kituoni. Tunaomba walete semina kituo cha mabasi cha Gerezani.*

5. Sodalis, mpangaji wa tumbo la mbung'o

Mbung'o, dume na jike, hula damu tu maisha yake yote. Damu ina protini tele, vitamini B kiduchu. Kwa hiyo mbung'o ameweka mpishi: bakteria Wigglesworthia, anayeishi kwenye kiungo maalumu tumboni na kumtengenezea mwenye nyumba vitamini, B1 ikiwemo. Ukimuua Wigglesworthia, jike la mbung'o halizai.

Katika tumbo hilohilo anaishi mpangaji wa pili, Sodalis. Huyu jeni za kutengeneza B1 amezipoteza zamani. Lakini jeni za kuivusha B1, yaani timu ileile tuliyoipa namba 8, amezitunza. Watafiti wa Marekani waliieleza biashara hiyo mwaka 2010: mmoja anapika, mwingine anakula, na idadi ya walaji inafuata ukubwa wa sufuria.

Kwetu si hadithi ya mbali. Unguja ilisafishwa mbung'o kwa madume waliofugwa kituoni Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, wakamwagwa kutoka angani kuanzia 1994. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa 1996. Madume yote hayo yalizaliwa na majike wa Tanga, na majike hao bila mpishi wao tumboni wasingezaa. Ng'ombe wa Unguja wanadaiwa shukrani na bakteria ambaye hawatamwona.

*Kijembe: Sodalis kauza jiko, kabakiza sahani. Kila nyumba ya kupanga ina mmoja.*

4. Mlango wa foleti: huu haupo

Naam, nafasi ya nne imekwenda kwa mlango ambao E. coli na bakteria wengi wa maradhi hawana. Foleti, vitamini B9, hawawezi kuivusha, hivyo hulazimika kuipika ndani hatua kwa hatua. Sisi ni kinyume chao. Mlango tunao, jiko hatuna. Foleti yetu inatoka kwenye mchicha, matembele na maharage, na kwenye unga wa viwandani, ambao Tanzania iliutungia kanuni za kuurutubisha mwaka 2011.

Tofauti hiyo moja imeokoa watu wasiohesabika. Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza Prontosil, dawa ya kwanza ya jamii ya salfa, na 1939 akapewa Nobel. Baadaye ikaeleweka kwamba salfa hujifanya kiungo kimoja cha kupikia foleti. Bakteria anaitia chunguni, jiko linakwama. Septrini, ile ya kila duka la dawa la Kariakoo, inabana mara mbili: salfamethoksazoli inazuia hatua moja, trimethoprimu inazuia nyingine. Bakteria hana mahali pa kununua foleti iliyo tayari. Wewe unayo ya mchicha, jiko la kubanwa na salfa huna. Ndiyo maana watu wanaoishi na VVU wamekuwa wakipewa Septrini kila siku kama kinga.

Na palipo na mlango, dawa inayumba. Enterococcus, mkazi mwingine wa utumbo, anaweza kutumia foleti anayoikuta nje, ndiyo sababu madaktari hawaiamini Septrini mbele yake. Hata nje ya ukoo wa bakteria mchezo ni uleule. SP, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia 2001 mpaka dawa mseto ya ALu ilipoipokea 2006, nayo hubana foleti ya kimelea. Wajawazito bado wanapewa SP kama kinga, na WHO inaonya kwamba asidi ya foliki ya miligramu 5 au zaidi kwa siku hupunguza nguvu yake. Ya miligramu 0.4 haina tatizo.

*Kijembe: Anayejivunia kupika kila kitu nyumbani, siku gesi ikikatika tutamtafuta.*

3. Rv1819c, mlango mpana wa kifua kikuu

Robert Koch alimtangaza bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882. Jina la mlango wake wa B12 likasubiri hadi 2013, watafiti wa Afrika Kusini walipoonyesha kwamba protini Rv1819c ndiyo inayoiingiza. B12 inamsaidia bakteria huyo kusaga mafuta anayoyakuta ndani ya mwili wa mgonjwa.

Mwaka 2020 timu ya Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, ikachapisha umbo lake, na watu wakakuna vichwa. Kwa jengo, Rv1819c ni wa familia ya milango ya kutoa vitu nje. Kwa kazi, anaingiza. Hana mdakaji wa kumletea mzigo. Ana shimo kubwa la maji katikati, na kinachoyeyuka kwenye maji kikitumbukia humo kinaweza kwenda ndani: B12, na hata bleomisini, dawa ya saratani iliyo sumu kwa bakteria. Kwa ujanja wa kuchagua amepata sifuri. Kwa hatari amepata karibu alama zote, maana mlango usiochagua ndio mtengeneza dawa anaouota usiku.

Kwa sasa tiba iliyopo inafanya kazi, na Tanzania ina haki ya kujisifu. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa 1977, daktari Karel Styblo akasaidia kujenga utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa mpaka amalize dawa, na WHO baadaye ikaueneza dunia nzima kwa jina la DOTS. Morogoro nako, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), panya buku wa shirika la APOPO wananusa makohozi na kuwapata wagonjwa waliopitwa na darubini.

*Kijembe: Jengo la kutokea, kibao cha kuingilia. Aliyetoa kibali cha ujenzi ajitokeze.*

2. BtuG, mwenye kumpora mwenye mali

Bacteroides thetaiotaomicron (jina refu, mkazi wa kawaida kabisa) anaishi kwenye utumbo mpana. Bakteria wengi wa humo wanaitaka B12, wachache wanaweza kuitengeneza, kwa hiyo vita ni vikali. Huyu amejiwekea milango mitatu ya B12 kwa mpigo, kila mmoja wa toleo lake.

Juu ya mlango ameweka BtuG. Mwili wako una mpagazi wake wa B12, protini inayotoka tumboni na kuisindikiza vitamini hiyo hadi mwisho wa utumbo mwembamba, mahali pa kuifyonza. Mshiko wake ni mkali sana. Mwaka 2018 watafiti wa Yale walionyesha kwamba BtuG inashika kwa ukali zaidi: wakivikutanisha maabara, BtuG inaipokonya B12 kutoka mikononi mwa mpagazi wa binadamu.

Kwa kawaida hatuumii, maana B12 yetu tunaifyonza kabla haijafika kwenye kambi yake ya utumbo mpana. Lakini bakteria wakiongezeka kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba, wanatuwahi, na mtu anapungukiwa B12 huku sahani yake ina maini na dagaa. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku; kidogo hicho kikiporwa kwa miaka, damu inapungua na mishipa ya fahamu inaumia.

*Kijembe: Vibaka wa stendi wanachukua simu. Huyu anamchukua abiria mkononi mwa kondakta.*

1. Bingwa: msafara wa BtuB, TonB, BtuF na BtuCD

Mzigo kwanza. B12 ndiyo vitamini kubwa kuliko zote, ina kobalti katikati, na hakuna mmea wala mnyama anayeitengeneza. Kazi hiyo wanaiweza bakteria na arkea tu. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Boston waliwainua wagonjwa wa upungufu hatari wa damu kwa kuwalisha maini. Mwaka 1948 B12 yenyewe ikatengwa. Dorothy Hodgkin wa Oxford akalifumbua umbo lake kwa eksirei, na 1964 akapewa Nobel. E. coli hawezi kuijenga kuanzia mwanzo. Lazima aivushe, na porini, mlinzi wa namba 10, alishaikataa.

Hatua ya kwanza, Bibi Titi. BtuB ni pipa la nyuzi 22 zilizosukwa pamoja, limepenya utando wa nje, na ndani limezibwa kwa kizibo. B12 inashikwa mdomoni mwa pipa. Sasa nani atakivuta kizibo? Utando wa nje hauna ATP. Nguvu yote iko Lumumba. Hapa ndipo anapoingia TonB. Amejikita kwenye utando wa ndani, ananyoosha mkono kuvuka kiwanja kizima, anaishika ncha ya kizibo na kukivuta, akiendeshwa na protoni zinazopenya utando wa ndani. Mtu amesimama Lumumba, anafungua mlango wa Bibi Titi bila kuhama!

Hatua ya pili, kiwanjani. BtuF inaidaka B12 kati ya mashavu yake mawili na kuipeleka ng'ambo.

Hatua ya tatu, Lumumba. BtuCD inapokea, inachoma ATP, inaiachia B12 ndani. Umbo la lango hili lilichapishwa mwaka 2002 na Kaspar Locher, Allen Lee na Douglas Rees wa Caltech, na vitabu vya biolojia vikaongezwa kurasa.

Mwaka huohuo Ronald Breaker wa Yale na wenzake wakaonyesha nidhamu ya msafara. Ujumbe wa RNA wa kutengenezea BtuB wenyewe unaonja B12. Ikishatosha, unajikunja na uzalishaji unasimama. Hakuna meneja, hakuna kikao, hakuna posho ya kikao.

Ubingwa ameupata hapo? Bado. Kumbukeni kigezo cha pili. Kirusi BF23, mla bakteria, hutua juu ya BtuB. Kolisini za kundi E, sumu ambazo E. coli hurushiana wao kwa wao, huanzia kwenye BtuB. Bakteria akiutupa mlango huo anapona sumu lakini anaikosa B12. Akiubakiza anakula lakini analala macho wazi. Mamilioni ya miaka hajapata suluhisho la tatu.

Madaktari nao wameusoma mchezo huu. Dawa ya cefiderocol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hunasa madini chuma na kuvushwa na milango ya chuma, milango inayovutwa na TonB yuleyule. Bakteria anajifungulia dawa kwa nguvu zake mwenyewe.

*Kijembe: Bingwa wa mwaka, na kombe lake lina tundu chini.*

Hukumu ya waamuzi

Kumi wamepita, na somo ni moja: palipo na mlango wa vitamini, dawa ina pa kupitia, pasipo na mlango, dawa ina jiko la kulizima. Bakteria hawezi kutuficha njaa yake. Anachoweza ni kubadilika, na sisi ndio tunaompa nafasi hiyo tunapotumia dawa hovyo.

Kwa hiyo, msomaji, fanya haya. Septrini usiinunue kwa kukisia, pima kwanza. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, meza mpaka siku ya mwisho hata kama kikohozi kimeisha wiki ya tatu. Ukienda kupima damu na unameza biotini ya nywele, mwambie mtu wa maabara kabla sindano haijaingia. Mjamzito aulize kliniki kiasi cha asidi ya foliki anachopewa pamoja na SP. Na ukipita Kariakoo leo, nunua mchicha, robo ya maini na unga wa dona. Wewe ndiye usiye na jiko la vitamini hizi, na tofauti na bakteria, sokoni unakwenda kwa miguu yako.